Mpelelezi Aliyefika Mikono Mitupu: Nasaha kwa Vijana wa Dzaleka

Wanangu,

Nimesikia kuna watu wa Lilongwe wanaotafuta vijana wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Dowa, Malawi, kwa kazi ya macho na masikio. Mwenye ghala kule Kanengo anataka kijana akae na wapakuzi, ale nao nsima, kisha ampelekee habari ya nani anaiba mifuko. Mwingine anataka mtu anayejua Kiswahili, Kirundi na Chichewa, amweleze ni nani kati ya wafanyabiashara wa kwetu ana mzigo, nani ana deni, nani ana karatasi na nani hana. Malipo wanayoyataja yanapita posho ya mwezi. Siwalaumu kwa kusikiliza, njaa ninaijua. Ila kabla hamjatoa jibu nataka mjue habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo ikawa biashara kubwa, akatajirika nayo. Maisha yake yana mambo ya kuigwa, na yana mengine ambayo msipoyajua mtayarudia hapahapa Dowa.

Jina lake Allan Pinkerton. Hakuwa wa kwanza duniani. Mfaransa Vidocq, aliyewahi kuwa mfungwa, alifungua ofisi ya upelelezi wa kujitegemea mjini Paris mwaka 1833. Lakini Pinkerton ndiye aliyeupa upelelezi wa namna hiyo sura tunayoijua leo: ofisi, mafaili, picha za wahalifu, wapelelezi wa mshahara. Nami nimemchagua yeye kwa sababu alianza kama ninyi.

Alizaliwa Glasgow, Scotland, Agosti 1819, katika mtaa wa maskini uitwao Gorbals. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Akaacha shule, akajifunza ufundi wa mapipa. Zamani zile unga, nyama ya chumvi, misumari na bia vilisafirishwa ndani ya mapipa ya mbao, kwa hiyo fundi wa mapipa alikuwa mtu wa maana. Katika ujana wake akaingia katika vuguvugu la Chartist, la wafanyakazi waliodai kila mwanamume apige kura, si wenye mali peke yao. Serikali ikawasaka. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa anatafutwa akamatwe. Machi 1842 alimwoa Joan Carfrae, binti aliyekuwa mwimbaji, na wiki chache baadaye wawili hao walikuwa baharini kuelekea Amerika. Meli yao ikavunjika karibu na pwani ya Nova Scotia. Waliingia nchi ya watu mikono mitupu. Ninyi mliovuka Ziwa Tanganyika usiku, mkashuka kwa malori kupitia Mbeya mpaka Karonga, hamna haja ya kuelezwa hali hiyo.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia Chicago, kisha akahamia kijiji cha Dundee, kando ya mto Fox, kilomita 60 hivi kutoka mjini. Akafungua karakana yake. Fundi mwenye pesa angenunua fito za kufungia mapipa. Yeye alizikata mwenyewe, bure, kwenye kisiwa kidogo cha mto ambacho hakikuwa na mkazi. Siku moja akaona majivu pale. Moto ulikuwa umewashwa, tena ilionekana si mara moja. Hebu jiwekeni mahali pake. Ni majivu tu. Mtu mwingine angekata fito zake akaenda zake, au angerudi kijijini kupiga domo. Pinkerton hakumwambia mtu. Alirudi usiku, akajilaza majanini, akasubiri mpaka aliposikia makasia na kuona watu wakiteremka. Hata hapo hakujitia ushujaa. Alikwenda kwa sherifu wa wilaya, na wakarudi pamoja na watu wenye mamlaka. Waliwakuta watengeneza noti bandia pamoja na vifaa vyao.

Kama ni kujifunza jambo moja la kazi kwake, jifunzeni hilo la kisiwani. Aliona, akarudi kuhakikisha, akapeleka kwa mwenye dhamana. Hakuongeza neno. Na mjue kwamba noti bandia hazikuwa mchezo. Benki nyingi ndogo zilikuwa zinachapa noti zao, fundi na mkulima wakauza jasho lao wakalipwa makaratasi. Waliodhulumiwa walikuwa watu wa kijiji chake. Kazi yake ya kwanza iliwalinda wanyonge.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Wafanyabiashara walimwomba awanase wengine, akawa msaidizi wa sherifu, akahamia Chicago, na mwaka 1849 akawa kachero wa kwanza wa polisi wa mji huo. Mwaka mmoja hivi baadaye alianzisha shirika lake. Soko lake kubwa lilikuwa kampuni za reli. Mamlaka ya polisi wa Marekani yalikomea mpakani mwa mji au wilaya, lakini gari moshi lilipita majimbo mengi kwa siku moja. Mwizi aliyeiba Illinois, akishuka jimbo la jirani, ameponyoka. Shirika la mtu binafsi halikuwa na mpaka wa kulizuia. Katika kazi hizo alifahamiana na Abraham Lincoln, aliyekuwa wakili wa reli ya Illinois Central, na George McClellan, mkubwa mmoja wa reli hiyohiyo. Majina hayo yatarudi.

Wakati huohuo, nyumba yake ilikuwa kituo cha kuwaficha watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya Kusini. Sheria ya nchi mwaka 1850 iliamuru watumwa hao warudishwe kwa mabwana zao, na atakayewasaidia aadhibiwe. Mtu ambaye mchana alikuwa analipwa kuwakamata wahalifu, usiku alikuwa anavunja sheria ili watu wasikamatwe. Machi 1859 John Brown alifika Chicago na watumwa 11 aliowatoa Missouri, mtoto mchanga akiwa amezaliwa njiani. Pinkerton alizunguka akichangisha pesa, akawapatia behewa la kuwafikisha Detroit, na kutoka Detroit wakavuka kuingia Kanada. Nikilisoma tendo hilo ninampenda. Alijua siri ya watu wale, alijua bei yao, na wawindaji wa watumwa walikuwa wanalipa vizuri. Hakuuza.

Sasa nizungumze na ninyi juu ya hapa petu. Mnakumbuka mwaka 2022, wakati polisi wa Malawi na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, walipofichua mtandao wa biashara ya watu ndani ya Dzaleka. Zaidi ya watu 90 walikuwa wameokolewa kufikia katikati ya mwaka ule. Wengi walikuwa vijana wa kiume wa Ethiopia, na walikuwemo wanawake na wasichana kutoka Ethiopia, Burundi na Kongo, wengine wa miaka 12. Ofisa wa UNODC hapa nchini, Maxwell Matewere, alieleza kwamba alishuhudia kitu kama soko la Jumapili, watu wakija kununua watoto wa kwenda kufanyishwa kazi na ukahaba. Soko hilo lilikuwa kwetu. Na soko la namna hiyo haliendeshwi na wageni peke yao. Mnunuzi wa mbali hajui ni binti gani amefiwa na mama, ni familia ipi imefungiwa faili lake, ni kijana yupi amekwisha kata tamaa na atakubali kupanda lori lolote linalokwenda Afrika Kusini. Anahitaji mtu wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Yule dalali wa mtaani anayelipwa kwa kila kichwa anafanya kazi ya upelelezi, anaijua vizuri, na anawaangamiza watoto wa jirani zake.

Kwa hiyo ulizeni habari ya malipo. Pinkerton alikuwa na kanuni ambayo ningependa kila mmoja wenu aishike. Mpelelezi wake alilipwa mshahara. Hakuruhusiwa kupokea zawadi inayotolewa kwa kukamatwa mtu. Aliona mbali. Anayelipwa kwa kichwa atatafuta vichwa, na asipovipata vya wahalifu ataleta vya wengine. Pia alikataa kesi za talaka, hakutaka watu wake wachungulie vyumba vya wanandoa. Mwenye ghala wa Kanengo akikwambia utalipwa mwezi kwa mwezi, upatikane wizi usipatikane, hapo pana mazungumzo. Akikwambia utapewa kiasi fulani kwa kila jina, ondoka. Utafika wakati huna jina la kupeleka na nyumbani kodi ya meza ya sokoni imefika, na utalitaja jina la mtu ambaye kosa lake ni kukutazama vibaya.

Narudi kwenye habari. Lincoln alichaguliwa rais mwishoni mwa 1860, majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga, vita ikalipuka 1861. McClellan akawa jenerali, akamchukua Pinkerton kumwongozea ujasusi. Akatumia jina la Meja Allen. Alichofanya vizuri ni kuwasikiliza waliokimbia. Watumwa waliovuka kutoka Kusini waliletwa mbele yake, naye aliwahoji kwa utulivu, mmoja mmoja. Maofisa wengine waliwaona watu wajinga wasioweza kuhesabu hata askari. Yeye aliona kwamba mtu aliyewapikia maofisa, aliyechimba mahandaki na kuendesha magari ya mizigo, ameona yote. Mnajua wenyewe ilivyo kukaa mbele ya ofisa ukisimulia safari yako huku anaangalia saa. Hao hawakuangaliwa hivyo, na jeshi la Kaskazini lilipata habari njema kutoka vinywani mwao.

Alichofanya vibaya ni hesabu. Juni 1862, jeshi la McClellan likiwa karibu na Richmond, mji mkuu wa Kusini, Pinkerton alimpa taarifa kwamba adui ana askari zaidi ya 180,000. Kwa kweli walikuwa kama nusu ya hao. McClellan, ambaye tangu mwanzo alikuwa mwoga wa kushambulia, akapata sababu ya kungoja, na vita iliyoweza kufupishwa ikaendelea karibu miaka 3 mingine. Wanahistoria wanabishana nani mwenye kosa kubwa. Mimi nimesoma nikafikia hukumu yangu: mpelelezi alimpenda bosi wake, akajua anapenda kusikia nini, akampelekea hicho. Alipenda kuongeza kidogo ili asije akaonekana amepunguza. Nyongeza ile iliua watu ambao hakuwaona kwa macho.

Nanyi mnaishi kambini, mahali ambapo habari huongezwa kila mlango inapopita. Dzaleka ilipangiwa watu 10,000 hivi. Leo tuko zaidi ya 50,000, na kila mmoja ana neno la kupitisha. Asubuhi mtu amesikia kwamba kesi za kwenda Kanada zimefunguliwa, adhuhuri zimekuwa kesi 500, jioni kuna anayepokea kwacha kuandikisha majina. Ukifanya kazi ya kuleta habari, andika ulichoona, saa uliyokiona, na umbali uliokuwepo. Ulichosikia kiandike mbali na ulichoona. Ukiulizwa walikuwa wangapi na hukuhesabu, sema hukuhesabu. Bosi atakunja uso, mwache akunje.

Kuna kisa kimoja cha vita ile ambacho ninataka mkisikie polepole. Timothy Webster alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani, aliwahi kuwa polisi New York, na alikuwa hodari kuliko wapelelezi wote wa Pinkerton. Alijifanya mfuasi wa Kusini, akisafiri kati ya Baltimore na Richmond akibeba barua za watu, mpaka wakubwa wa serikali ya Richmond wakamwamini. Mwanzoni mwa 1862 akaugua baridi yabisi, akalazwa kitandani hotelini Richmond, mwenzake Hattie Lawton akimuuguza kama mkewe. Barua zake zikakatika. Pinkerton akashikwa na wasiwasi. Badala ya kusubiri, aliwatuma wapelelezi wawili, Pryce Lewis na John Scully, waende kumtafuta.

Wawili hao ndio walewale waliokuwa wametumwa kupekua nyumba za familia za Kusini mjini Washington. Familia mojawapo ilikuwa imekwisha hamia Richmond. Waliingia hotelini, wakafika kitandani kwa mgonjwa, na haikuchukua muda kijana wa familia ile akawatambua. Walihukumiwa kunyongwa, na ili waokoe roho zao wakasema walichojua. Webster alinyongwa tarehe 29 Aprili 1862, akiwa bado mgonjwa. Mara ya kwanza kitanzi kikafunguka akaanguka chini, wakampandisha tena. Wale wawili walirudi nyumbani baada ya kifungo.

Aliyemuua Webster ni nani? Jaji wa Richmond, ndiyo. Ila aliyempeleka kwa jaji ni pupa ya mkubwa wake aliyekuwa mahali salama. Anayekutuma hatakuwa pamoja nawe siku utakapotambuliwa. Ninyi nyuso zenu zinajulikana. Ukionekana leo kwenye meza ya mwenye ghala, kesho uko kwenye foleni ya kisima pamoja na ndugu wa yule uliyemtaja, na mama yako anauza maharage hatua chache kutoka kwa mama yake. Mtu wa Lilongwe akifunga geti lake usiku, mlinzi yuko nje. Wewe mlango wako ni bati na kamba.

Baada ya vita Pinkerton alizidi kutajirika, na hapa ndipo ninapomhuzunikia. Alikuwa na jicho kubwa kwenye kibao cha ofisi yake, na maneno ya kujisifu kwamba wao hawalali kamwe. Majambazi wa treni waliogopa jina lake. Lakini Jesse James alimponyoka, na mpelelezi mmoja aliyetumwa kumfuata aliuawa mwaka 1874. Ghadhabu ikamwingia. Januari 1875 watu wake waliizingira usiku nyumba ya mama wa kina James huko Missouri, wakatupa ndani kifaa cha moto. Kikalipuka. Jesse na kaka yake hawakuwamo. Aliyekufa ni mdogo wao Archie, mtoto, na mama yao alipoteza mkono. Fundi aliyewahi kujilaza majanini usiku mpaka apate uhakika, sasa alikuwa na watu wanaotupa moto ndani ya nyumba bila kujua nani amelala humo.

Mwaka 1873 Franklin Gowen, mkuu wa kampuni ya reli ya Philadelphia and Reading iliyomiliki pia machimbo ya makaa ya mawe, alimwajiri Pinkerton achunguze wachimbaji wa Kiayalandi huko Pennsylvania. Kulikuwa na mauaji kweli, sikatai. Mameneja na mafundi waliuawa, na yalisemekana ni kazi ya chama cha siri kilichoitwa Molly Maguires. Pinkerton alimchagua James McParland, Mkatoliki wa Ireland kama wao, aende kwa jina la McKenna. Aliishi nao zaidi ya miaka 2. Alikunywa nao, aliimba nao, akaapishwa kuwa mwenzao. Kisha akasimama mahakamani kutoa ushahidi. Gowen mwenyewe, mkuu wa kampuni, alisimama kama mwendesha mashtaka katika baadhi ya kesi hizo. Kati ya 1877 na 1879 watu 20 walinyongwa, 10 kati yao kwa siku moja, tarehe 21 Juni 1877. Miaka 100 baadaye, mwaka 1979, gavana wa Pennsylvania alimpa msamaha mmoja wao, Jack Kehoe, aliyekuwa ametajwa kuwa mfalme wao.

Wako waliokuwa wauaji miongoni mwa wale 20. Wako ambao hakuna ajuaye kwa hakika. Na kwa sababu aliyepeleleza, aliyelipa na aliyeshitaki walikuwa upande mmoja, hakuna atakayejua. Kijana wa Gorbals aliyeikimbia nchi yake kwa sababu wenye nguvu waliwaita wafanyakazi wenye madai wahalifu, alizeeka akiwafanyia wenye nguvu kazi hiyohiyo. Sidhani aliamka siku moja akaamua kugeuka. Wateja wake walibadilika kidogo kidogo, kutoka watu wa kijiji mpaka kampuni za reli, kutoka kampuni za reli mpaka wenye machimbo, naye akawa anaona dunia kwa macho ya anayemlipa. Alifariki Chicago tarehe 1 Julai 1884. Miaka 8 baadaye, wanawe wakiongoza shirika, walinzi 300 wa Pinkerton walipelekwa kwa maboti kuvunja mgomo wa kiwanda cha chuma huko Homestead. Watu wa pande zote mbili walikufa, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuizuia serikali kuwaajiri.

Mnalala juu ya ardhi inayojua habari hizi. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza la siasa la enzi za Rais Kamuzu Banda. Watu waliletwa hapa bila kesi, wengi kwa sababu jirani, mwanafunzi, au kijana wa Young Pioneers, kikosi cha vijana wa chama tawala, alipeleka neno. Mtu aliweza kufungwa kwa utani alioutoa kilabuni. Orton Chirwa, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama tawala na waziri wa sheria wa kwanza, alinaswa pamoja na mkewe Vera mpakani mwa Zambia wakati wa Krismasi 1981, na akafia gerezani Zomba mwaka 1992. Wazee wa Kimalawi wa vijiji vinavyotuzunguka wanakumbuka namna watu walivyoacha kuzungumza hata na ndugu. Muwaulize, mkienda kununua mahindi. Watawaeleza kuliko mimi.

Nasi tuna habari yetu ya karibu. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wanaishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, maduka yalifungwa Lilongwe na kwingineko, watu wakaletwa kwa magari na watoto wao, wengi bila bidhaa zao. Sheria ni ya serikali na sibishani nayo hapa. Ninachowaambia ni juu ya yule anayetaka sasa umwandikie orodha, nani bado ana duka mjini kwa jina la Mmalawi, nani mkewe yuko Area 25 kule Lilongwe. Mara nyingi huyo si ofisa. Ni mshindani wa biashara, au mtu anayetaka kwenda kudai pesa ya kunyamaza. Orodha hiyo usiiandike kwa bei yoyote.

Nimemweka mwisho mtu mmoja kwa makusudi, kwa ajili ya mabinti. Mwaka 1856 mjane wa miaka 20 na kitu, Kate Warne, aliingia ofisini kwa Pinkerton Chicago. Pinkerton alidhani amekuja kuomba ukarani. Mama yule akasema anataka upelelezi, na akaeleza kwamba mwanamke ataingia mahali ambapo mwanamume hawezi, na wake wa wahalifu watamwambia yale ambayo waume wanayaficha. Pinkerton aliwaza usiku kucha, kesho yake akamwajiri. Polisi wa miji mikubwa hawakuwa na mwanamke kachero, na wangechukua miaka mingi kuwa naye.

Miaka michache baadaye kampuni ya Adams Express iliibiwa dola 40,000 huko Alabama, na aliyeshukiwa ni mfanyakazi wao, Nathan Maroney. Warne alijifanya mke wa mtengeneza noti bandia, akafanya urafiki na mke wa Maroney mpaka akaonyeshwa fedha zilipofichwa. Zilipatikana karibu zote. Februari 1861, fununu zilipoenea kwamba Lincoln atauawa akipita Baltimore kwenda kuapishwa, Warne alikuwa mjini humo amevaa kishada cha utepe cha wafuasi wa Kusini, akizungumza na mabibi wa hotelini na kukusanya maneno. Ndiye aliyekata tiketi za vitanda vya treni ya usiku kwa ajili ya ndugu yake mgonjwa. Mgonjwa huyo alikuwa rais mteule, amejifunika shali. Walipita Baltimore watu wamelala, wakafika Washington alfajiri ya tarehe 23. Wapo wanaosema njama yenyewe ilikuzwa. Iwe hivyo, kazi aliyopewa aliimaliza. Baadaye alisimamia wapelelezi wanawake wa shirika. Alifariki Januari 1868, na akazikwa katika eneo la makaburi la familia ya Pinkerton.

Akina baba mnaosomewa barua hii, binti mwenye macho ya Warne yupo katika familia zenu. Wanaofanya biashara ya wasichana huanza kwa kuzungumza na wasichana, kwenye kisima, kwenye mashine ya kusaga, saluni. Binti ndiye atakayelisikia neno hilo wiki nyingi kabla ya mwanamume yeyote wa kamati ya ulinzi. Msimnyamazishe anapoanza kueleza.

Na mnaotaka kazi hii kwa haki, njia zipo hapahapa. Malawi ina sheria ya kuzuia biashara ya watu tangu 2015. Tafuteni nakala muisome, mjue maana ya kumsafirisha mtu kwa hila mbele ya mahakama. Masomo ya shirika la JRS (Jesuit Refugee Service) hapa kambini yanafundisha kuandika na kupanga hoja. Yetu Radio ya hapa kambini inahitaji vijana wanaokwenda kuuliza, wakarudi na kile walichoambiwa bila kukiongeza chumvi. Jifunzeni Chichewa cha ofisini, si cha sokoni tu, kwa sababu taarifa ya polisi itaandikwa kwa Kiingereza au Chichewa na mtatakiwa kuisoma kabla ya kutia sahihi. Mkishuhudia jambo linalomhusu mtoto, nendeni wawili, mpeleke kwa polisi wa kambi na kwa ofisi ya ulinzi wa watoto siku hiyohiyo, muandike jina la ofisa aliyepokea na saa. Nakala ibaki kwenu.